Maswali ya Wasomaji: Mvumo na Kelele Zisizoalikwa katika Mitambo ya Sauti

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinalalamikia jambo moja kwa majina tofauti: mvumo, mkwaruzo, sauti ya nyuki, na hata redio inayojitangaza yenyewe katikati ya ibada. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote kwa sababu ndani yake umo ushauri unaoweza kuua mtu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Morogoro. Tumenunua miksa mpya ya chaneli 16 na kuiweka nyuma ya kanisa. Kinanda, pamoja na kompyuta mpakato tunayoitumia kupigia muziki wa kusindikiza, viko mbele karibu na madhabahu. Tangu tuhame huko nyuma spika zinavuma mfululizo, hata pasipo mtu kugusa chombo. Tumebadilisha waya mara mbili bila nafuu. Kijana mmoja aliikata pini ya erthi kwenye plagi ya amplifaya ya kinanda na mvumo ukatoweka papo hapo, lakini mzee wetu mmoja aliyekuwa fundi umeme amekataza jambo hilo kabisa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mzee wenu yuko sahihi, na ninaomba plagi hiyo ibadilishwe kabla ya mazoezi yajayo, si baada ya Jumapili. Hata hivyo kijana wenu hakukosea masikio: mvumo ulitoweka kweli, na sababu ya kutoweka kwake ndiyo inayotuonyesha ugonjwa ulipo.

Tuanze kwa kuusikiliza mvumo wenyewe, maana kelele nyingi hutaja kwao ukizipa utulivu wa dakika mbili. Umeme wa gridi wa hapa kwetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mwambie mpiga besi abonyeze freti ya tatu kwenye uzi mnene kuliko zote. Hiyo ni G ya hezi 49, na mvumo wa umeme utausikia ukiwa juu yake kwa unywele mmoja. Kwenye kinanda cha vibonye 61, G ya kwanza kutoka kushoto ni hezi 98, na mvumo wa hezi 100, ambao ni mtoto wa ule wa 50, utakaa karibu nayo vilevile. Ukiona mvumo unaoana na noti hizo, basi chanzo ni umeme wa jengo, na hakuna haja ya kuituhumu maikrofoni wala mwimbaji. Mvumo ukiwa laini na wa mviringo, mara nyingi kuna waya wa sauti uliolala kando ya transfoma. Ukiwa mkali, wenye meno kama nyuki ndani ya kopo, mara nyingi kuna kifaa kinachoukatakata umeme, kama vile chaja au kipunguza mwanga, au kuna mzunguko wa erthi kati ya vyombo viwili.

Baada ya kusikiliza, gawanyeni njia ya sauti vipande viwili. Shusheni masta ya miksa hadi chini kabisa. Ikiwa mvumo unabaki vilevile, kosa liko baada ya miksa, yaani kwenye waya unaokwenda kwenye amplifaya au kwenye amplifaya yenyewe. Ukizimika, kosa liko kabla ya hapo, na sasa mnazima chaneli moja baada ya nyingine mpaka mvumo ukatike. Chaneli hiyo ikishapatikana, chomoeni jeki upande wa chombo, si upande wa miksa, ili waya ubaki ukining'inia peke yake: mvumo ukikatika, chombo kinahusika, ukiendelea, waya unahusika. Kwa njia hii chaneli 16 humalizwa kwa muda mfupi, ilhali kubadilisha waya kwa kubahatisha kunaweza kula Jumamosi nzima, kama mlivyojionea. Kwa kompyuta kuna jaribio rahisi zaidi: chomoeni chaja iendeshwe na betri yake. Nitashangaa kama sehemu ya mvumo wenu haitaondoka hapo hapo.

Ninachokiona kutokana na maelezo yenu ni hiki. Miksa inapata umeme, na erthi, kutoka soketi ya nyuma. Kinanda, amplifaya yake na chaja ya kompyuta vinapata kutoka soketi ya mbele. Nyaya mbili za erthi hizo zinakutana kwenye ubao wa umeme wa kanisa, pengine mita 40 kutoka hapo, na zinakutana tena mahali pa pili ambapo hamkupafikiria: kwenye wavu unaozunguka waya wa sauti kutoka kinanda hadi miksa. Kwa hiyo mmechora duara kubwa la shaba kuzunguka kanisa zima. Erthi za soketi mbili haziwi na volti zilizolingana kabisa, na tofauti hiyo, hata ikiwa ndogo sana, husukuma mkondo wa hezi 50 kwenye wavu huo. Waya wa kinanda wenye jeki ya kawaida unao uzi mmoja tu wa ndani, na wavu wake ndio njia ya sauti kurudi. Kila kinachopita kwenye wavu miksa hukihesabu kuwa muziki. Wakati miksa ilipokuwa mbele pamoja na vyombo, vyote vilichota kwenye soketi moja na duara lilikuwa dogo mno kiasi cha kutosikika. Hamkununua miksa mbovu, Mwalimu. Mliihamisha tu.

Kijana wenu alipokata pini ya erthi alilikata duara, ndiyo maana kukawa kimya. Lakini pini ile haikuwekwa pale kwa ajili ya muziki. Siku moja waya wa ndani ya amplifaya ile utachubuka na kugusa bodi ya chuma. Kama erthi ipo, mkondo mkubwa utakimbilia ardhini na fyuzi itakatika. Erthi isipokuwepo, bodi itakaa na volti 230 ikingoja mtu wa kuigusa, au mkondo utapita kwenye wavu mwembamba wa waya wa sauti hadi kwenye miksa na kuuchoma. Fikirieni mpiga gitaa ambaye nyuzi zake zimeungana na bodi ya amplifaya hiyo, naye anasogeza midomo kwenye maikrofoni ambayo erthi yake ni nzima. Kwa kuwa tumefika hapo niseme na jambo jingine ambalo huliona kila ukumbi ninaoingia: kijiti, au bomba la kalamu, kilichochomekwa kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iweze kuingia. Tundu lile ni la erthi, na pini yake katika plagi zetu ni ndefu kuliko nyingine makusudi, ili erthi iwe ya kwanza kugusa na ya mwisho kuachia. Kifaa kilichotengenezwa tangu mwanzo kwa pini mbili kina ulinzi wa namna nyingine na kinahitaji adapta tu. Kifaa kilichokuwa na tatu kikanyang'anywa moja hakina ulinzi wowote.

Tiba halali ziko mbili, na ningeanza na ile isiyo na gharama. Vuteni ekstensheni moja nzuri yenye erthi kutoka soketi ya mbele hadi kwenye miksa, ili miksa na vyombo viwe na asili moja ya umeme. Miksa hula umeme kidogo, hivyo ekstensheni ya kawaida inatosha, lakini amplifaya kubwa za spika msizichomeke humo, na ikiwa ni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ifungueni yote, kwa sababu waya uliobaki umeviringwa hupata joto. Mkiona mvumo umebaki, nunueni kisanduku cha DI, yaani kile kinachokaa kati ya chombo na miksa, chenye transfoma ndani, kwa ajili ya kinanda, na cha njia mbili kwa ajili ya kompyuta. Transfoma hupitisha sauti kwa usumaku bila shaba ya upande mmoja kugusana na ya upande wa pili, na kisanduku huwa na swichi ndogo inayoitenga erthi ya waya wa sauti. Hiyo ndiyo erthi mnayoruhusiwa kuikata. Ya plagi, kamwe.

Toka kwenye kisanduku hadi kwenye miksa mtatumia waya wa jeki ya XLR yenye pini tatu, ambamo sauti husafiri kwenye nyuzi mbili zilizosokotana, moja ikiwa kinyume cha mwenzake. Kelele ikiingia njiani huziingia zote mbili kwa kiasi kilekile, na miksa, ambayo husoma tofauti kati yao, huiona kelele hiyo kuwa sifuri. Ndiyo sababu maikrofoni zenu hazivumi ingawa nyaya zake zinapita njia ileile. Waya wa kinanda wa uzi mmoja ubaki mfupi, mita tano au sita basi.

SWALI: Fundi, tunapiga taarabu katika ukumbi wa hapa Unguja. Mlio wa nyuki hujitokeza taa za jukwaani zinapopunguzwa mwanga, na hupungua zinapowashwa kikamilifu. Tatizo ni nini?

JIBU: Umejijibu nusu, ndugu yangu. Vipunguza mwanga vya kawaida havipunguzi umeme kwa kuubana. Huukata vipande, vikiuzima na kuuwasha mara 100 kila sekunde, na ukataji huwa mkali zaidi mwanga unapokuwa karibu na nusu. Jaribuni kuuweka hapo nusu na mtausikia mlio ukifika kileleni. Taa zipewe njia yake ya umeme kutoka kwenye ubao, tofauti na ile ya sauti. Nyaya za taa zisitembee sambamba na nyaya za maikrofoni hata kwa mita chache. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba, kwa sababu nyaya zinazolala pamoja huambukizana na zinazokatizana karibu haziambukizani. Mwenye zamu ya kukunja vifaa huku ana haraka ndiye hufunga nyaya zote katika kitita kimoja nadhifu. Kitita hicho ndicho adui.

Kelele inayokuja na kuondoka haihusu taa pekee. Niliwahi kufunga mitambo kwenye harusi moja ambapo kila baada ya muda spika zilipiga "tak!" na kufuatiwa na mkwaruzo mfupi. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha hata maikrofoni ya mshereheshaji, na jasho likanitoka mbele ya wageni. Saa mbili baadaye nilifuata ekstensheni ya miksa kwa mkono, hatua kwa hatua, nikaikuta imepita nyuma ya pazia na kuchomekewa friji la soda. Kila mashine ya friji ilipojiwasha, nasi tuliarifiwa.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mimi ni msherehesha harusi wa Mombasa. Mara kwa mara spika hutoa mlio wa "trrr-tit-tit-trrr" kisha simu ya mtu huita. Je, ni kweli kwamba simu huharibu spika? Na mbona siku hizi mlio huo umepungua?

JIBU: Waalaikumu salaam. Simu haiharibu spika, ila inasema ndani ya nyaya zako. Simu ikiwa kwenye mtandao wa kizazi cha pili haitumi mawimbi mfululizo. Inapokezana zamu na simu nyingine, na zamu yake huja takriban mara 217 kila sekunde. Mawimbi yenyewe, ya megahezi 900 au 1800, hayasikiki kwa sikio la mwanadamu, lakini yakiingia kwenye mlango wa miksa sakiti za ndani huyang'amua na kubakiza ile zamu ya kuwaka na kuzima, na hezi 217 ni sauti ya kawaida kabisa. Inatangulia mlio wa simu kwa sababu simu huanza kuzungumza na mnara kabla haijakujulisha wewe. Umepungua kwa kuwa mitandao ya kizazi cha tatu na cha nne haitumii mtindo huo wa zamu; hata hivyo simu nyingi bado huangukia kizazi cha pili mawimbi yanapokuwa hafifu, na hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyo ukumbi wa chini ya ardhi, huongeza nguvu ya kutuma, hadi wati 2 kwenye megahezi 900. Kwa hiyo ukumbi wenye mtandao mbovu ndio utakaokusumbua zaidi.

Dawa ni umbali. Simu isiwekwe juu ya miksa wala mfukoni kando ya kipaza sauti cha kifuani, na anayepiga muziki kutoka kwenye simu aiweke kwanza kwenye hali ya ndegeni. Mita moja au mbili hutosha mara nyingi.

SWALI: Fundi, kampuni yetu ndogo ya hapa Dar es Salaam ina maikrofoni nne zisizo na waya. Zikiwa mbili hazina shida. Zikiwa tatu au nne hukatikakatika, na wiki iliyopita tulisikia hotuba ya ukumbi wa jirani kwenye spika zetu. Muuzaji anasema tununue nyingine za bei kubwa.

JIBU: Msinunue kwanza. Chukueni kalamu. Vitumaji viwili vikikaribiana havibaki viwili. Huchanganyika na kuzaa mawimbi mengine, na yale yanayosumbua zaidi hupatikana kwa kuzidisha moja mara mbili na kutoa lile jingine. Tuseme maikrofoni ya kwanza iko megahezi 600.0 na ya pili 600.4. Mara mbili ya 600.4 ni 1200.8; toa 600.0, unapata 600.8. Sasa kama maikrofoni ya tatu mmeiweka kwenye 600.8 kwa sababu ilionekana nadhifu kuruka hatua zilezile, mmeiweka juu kabisa ya kelele ya wenzake. Unadhifu ndio uliowaponza: nafasi kati ya maikrofoni zisilingane. Vifaa vingi huja na makundi ya chaneli ambayo kiwanda kimekwisha kuyapigia hesabu hiyo, kwa hiyo chagueni zote nne kutoka kundi moja, wala msichanganye makundi.

Kuhusu jirani, hilo si kosa la kifaa. Ninyi na wao mmekaa masafa yaleyale. Kabla ya shughuli washeni vipokezi vyote huku maikrofoni zote zikiwa zimezimwa, mtazame taa ya kuonyesha mawimbi: kipokezi kinachowaka wakati maikrofoni yake imezimwa kinampokea mtu mwingine, kihamisheni. Kisha mwende mkamsalimie fundi wa jirani na kuandikiana masafa kwenye karatasi. Dakika tano za ujirani mwema zimewahi kuniokoa kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Tazameni pia maandishi nyuma ya vifaa. Runinga ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na tangu dunia ihamie dijitali masafa ya juu ya runinga, kuanzia megahezi 694, yamekuwa yakikabidhiwa mitandao ya simu. Maikrofoni ya zamani ya megahezi 700 au 800 inaweza kuwa imekaa katikati ya mawimbi ya simu, na hapo hesabu yangu haitamsaidia mtu. Hiyo ndiyo pekee ambayo ningekubali ibadilishwe. Mwisho, toeni vipokezi nyuma ya skrini kubwa ya LED. Skrini hizo hutoa kelele ya mawimbi, na miili ya wageni waliosimama kucheza huziba njia ya mawimbi ya kweli, kwa hiyo antena ziwe juu ya vichwa vya watu na zionane na jukwaa.

SWALI: Tunaandika kwa niaba ya kamati ya msikiti, Tanga. Usiku kukiwa kimya, spika za mnarani hutoa kwa mbali sauti ya kituo cha redio, hata kabla ya muadhini kuwasha maikrofoni. Waumini wanalalamika, na haki yao.

JIBU: Hili linaudhi kuliko mvumo, nami nawapa pole. Waya wenu umegeuka antena, na mahali fulani pana kiungo kinachofanya kazi ya redio: mara nyingi ni jeki yenye kutu au lehemu iliyoachia, na mwambao kwa hewa yake ya chumvi haukosi vitu hivyo. Kwa kuwa sauti ipo hata maikrofoni ikiwa imezimwa, shusheni kitasa cha chaneli ya maikrofoni kwenye amplifaya hadi sifuri. Redio ikinyamaza, inaingia kwa waya wa maikrofoni. Isiponyamaza, huenda inaingia kwa waya mrefu wa spika unaopanda mnarani na kurudi kinyumenyume ndani ya amplifaya.

Katika hali ya kwanza fungueni jeki zote mbili za waya wa maikrofoni na kutazama pini namba 1, ambayo ni ya wavu. Wavu ukiwa umekatika, sauti ya muadhini itaendelea kupita vizuri kwenye pini 2 na 3, kwa hiyo hakuna atakayeshuku waya. Pia kuna amplifaya ambazo kiwandani pini hiyo iliunganishwa kwenye sakiti ya ndani badala ya bodi ya chuma, hivyo wavu huingiza ndani takataka zilezile uliopaswa kuzizuia. Mhandisi Neil Muncy alilieleza kosa hili kwa kina mwaka 1995, na bado linakutwa. Fundi mzuri anaweza kuunga pini 1 na bodi kwa kipande kifupi cha waya. Katika hali ya pili, pitisheni waya wa spika mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti, ile ambayo mmeiona kama uvimbe kwenye nyaya za kompyuta, karibu iwezekanavyo na amplifaya. Jaribuni usiku, saa ileile ambayo redio husikika, maana mchana kelele za mtaa zitawadanganya kwamba imepona.